Milima Haifundishi: Historia Fupi ya Vyuo vya Colorado kwa Anayechagua Chuo

Ndugu Mhariri ameniomba niandike kurasa chache juu ya masomo ya ng'ambo, kwani kila tunapokutana hapa shuleni vijana wa kidato cha tano na cha sita hutuuliza swali lile lile: "Chuo gani ni kizuri?" Nimekubali kwa furaha, ila nimeomba ruhusa nijibu kwa njia ya historia, maana swali hilo halijibiki kwa kutaja majina ya vyuo tu.

Kwa wale wasionifahamu, mimi nilimaliza kidato cha sita hapa mwaka 2000. Nilichukua shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikaajiriwa serikalini katika mambo ya maji, na kati ya mwaka 2008 na 2010 nikasoma shahada ya pili katika mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado, huko Marekani. Nitalieleza jimbo hilo kwa sababu nalifahamu, na kwa sababu vijitabu vya vyuo vyake vimejaa picha za milima ambazo zimewavuta vijana wengi. Neno langu kuu ni hili: kila chuo kilijengwa na watu fulani, mwaka fulani, kwa haja fulani. Anayetaka kuchagua vizuri na aanze kwa kuijua haja hiyo. Mlima ni mzuri kutazamwa, lakini mlima haufundishi.

JIMBO LENYEWE

Colorado ni mahali ambapo nyanda kubwa za katikati ya Marekani hukutana na Milima ya Rocky. Upande wa mashariki nchi ni tambarare na kavu. Upande wa magharibi ni milima mitupu. Mlima Elbert, ulio mrefu kuliko yote jimboni, una mita 4,401, na vilele zaidi ya 50 vinapita mita 4,267, yaani futi 14,000 kwa hesabu ya wenyeji. Sisi tuliozaliwa miteremkoni mwa Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hatuna haja ya kutishika. Hata hivyo, mlima wetu umesimama peke yake, na ile ya kwao ni ukuta unaoshika jimbo zima toka kaskazini hadi kusini.

Watu wengi wa Colorado hawaishi milimani. Wanaishi chini yake, katika mstari wa miji iliyopangana kandokando ya milima upande wa mashariki: Fort Collins, Boulder, Golden, Denver na Colorado Springs. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Kijana wa Marangu hatasumbuliwa sana na hewa ya huko. Kijana wa Tanga atahema kidogo katika wiki za kwanza, kisha atazoea. Baridi ya Januari ni habari nyingine, nayo haizoeleki bila koti zito.

Kabla ya wazungu kufika, nyanda zile zilikuwa za watu wa Cheyenne na Arapaho, na milima ilikuwa ya watu wa Ute. Mwaka 1858 dhahabu iligunduliwa karibu na mahali palipo Denver leo, na mwaka uliofuata watafuta dhahabu wakamiminika kwa maelfu. Mwaka 1861 Colorado ikawa eneo lililo chini ya serikali kuu ya Marekani, na tarehe 1 Agosti 1876 ikawa jimbo kamili, la 38 kwa hesabu. Vyuo vingi vikongwe vya Colorado vilizaliwa katika miaka hiyo michache, na hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

KILA MJI NA HAJA YAKE

Penye dhahabu panahitajika watu wanaojua mawe. Kwa hiyo mwaka 1874 mji wa Golden ulipata chuo cha madini cha eneo, ambacho hata leo kinajulikana duniani kwa uhandisi wa migodi, jiolojia na mafuta. Mwaka huohuo wa 1874, katika Colorado Springs, kilianzishwa Colorado College, chuo cha watu binafsi kinachofundisha masomo ya sanaa na sayansi kwa idadi ndogo ya wanafunzi.

Mji wa Boulder ulikuwa ukitamani chuo kikuu cha jimbo tangu mwaka 1861, lakini palikuwa na karatasi tu, jengo hapana. Mwaka 1874 baraza la kutunga sheria lilitoa dola 15,000 kwa sharti kwamba wananchi wa Boulder nao wachange kiasi hichohicho. Wakachanga, na wengine wakatoa ardhi. Chuo kilifunguliwa Septemba 1877 kikiwa na jengo moja na wanafunzi 44. Ndugu wanafunzi mnaojua jinsi wazazi wetu walivyochangia matofali na mabati ya shule zao mtaielewa habari hii bila kufasiriwa.

Huko hupenda kusimulia kwamba mji wa Cañon City ulipewa nafasi ya kuchagua kati ya gereza na chuo kikuu, ukachagua gereza kwa kuwa lilionekana kuwa biashara ya kudumu. Simulizi hilo limetiwa chumvi, maana gereza lilikwisha kufunguliwa mwaka 1871. Hata hivyo linaonyesha hali ilivyokuwa. Miji ilishindania taasisi za umma kama inavyoshindania reli au soko, na chuo kilikwenda mahali palipokuwa na watu wa kukipigania.

MAJI YA MLIMANI

Sasa nieleze chuo nilichosoma mwenyewe, kwa sababu haja iliyokizaa ndiyo iliyonipeleka huko.

Tarehe 2 Julai 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyojulikana kwa jina la Morrill. Sheria hiyo iliyapa majimbo ardhi ya serikali kuu, ekari 30,000 kwa kila mjumbe wake katika Bunge la nchi, ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa kwa wenyeji wa asili, na jambo hilo lisisahauliwe. Colorado ilianzisha chuo chake cha kilimo kwa sheria ya mwaka 1870 huko Fort Collins, na madarasa yakafunguliwa mwaka 1879. Siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado.

Fort Collins hupata mvua kama milimita 400 tu kwa mwaka. Mkulima anayengoja mvua mahali kama hapo atangoja njaa. Maji yaliyopo ni ya theluji inayoyeyuka milimani na kushuka kwa mto Cache la Poudre. Mwaka 1870 walowezi waliojiita Union Colony walijenga mji wa Greeley chini kidogo ya mto huo na kuchimba mifereji. Baadaye watu wa Fort Collins, walio juu yao, nao wakachimba. Kiangazi cha mwaka 1874 mto ulipungua, maji yakawa hayafiki Greeley, na watu wakakaribia kupigana. Ugomvi huo ulichangia kanuni iliyoandikwa katika katiba ya jimbo mwaka 1876: aliyetangulia kuyatumia maji ana haki ya kutangulia kuyapata, hata kama aliyechelewa yuko juu yake mtoni.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliikumbuka mifongo ya kwetu. Tangu zamani Wachagga wamekuwa wakiyateremsha maji ya mlimani kwa mifereji ya kuchimba, kila mfongo na wazee wake, kila ukoo na zamu yake, na asiyetoka kusafisha mfongo hana haki ya kudai maji. Kanuni zao na zetu hazifanani. Wao walifuata utangulizi, sisi tulifuata zamu na kazi ya pamoja. Lakini swali ni lile lile: maji kidogo, watu wengi, nani anywe kwanza?

Chuo kilichozaliwa katikati ya swali hilo hakikuweza kulikwepa. Katika miaka ya 1880 Elwood Mead alifundisha uhandisi wa umwagiliaji pale, wakati ambapo somo hilo lilikuwa karibu halijulikani vyuoni. Baadaye, toka mwaka 1924 hadi 1936, alikuwa mkuu wa idara ya serikali kuu ya Marekani inayojenga mabwawa makubwa ya magharibi, na ziwa lililo nyuma ya bwawa la Hoover limepewa jina lake. Ralph Parshall, mhitimu wa chuo hichohicho, alifanya majaribio ya miaka mingi juu ya kipimio cha maji ya mfereji na kukikamilisha miaka ya 1920. Ni kibanio chenye koo jembamba na sakafu inayoshuka. Mtu husoma kina cha maji kwenye rula iliyopigwa ukutani, kisha jedwali humpa kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde. Hakina mashine, hakina umeme, na tope halikizibi kwa urahisi. Kipimio hicho kinatumika duniani kote. Katika mifereji niliyoikagua kwa kazi yangu hapa nchini nimekikuta mara nyingi, na wakulima wakikitegemea kwa ushahidi wanapogombea zamu.

Wala mambo hayakuishia kwenye mifereji midogo. Theluji nyingi ya Colorado huanguka upande wa magharibi wa milima, na watu wengi wako mashariki. Ndiyo maana palitobolewa handaki la kilomita 21 chini ya milima, na mwaka 1947 maji ya magharibi yakaanza kupita humo kwenda mashariki. Mwanafunzi wa maji akisoma Fort Collins huwa anakaa ndani ya somo lake. Akifungua bomba, maji yale yana historia inayofundishwa darasani. Hiyo ndiyo maana yangu ninaposema chuo kichaguliwe kwa haja iliyokizaa.

YALIYOFICHWA NA PICHA

Historia ya chuo ina upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mwenye kuchagua aujue hata ule wa kivuli.

Chuo Kikuu cha Denver kilianzishwa mwaka 1864 na John Evans, aliyekuwa gavana wa eneo la Colorado na pia msimamizi wa mambo ya wenyeji wa asili. Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo, askari walioongozwa na Kanali John Chivington walivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho kando ya kijito cha Sand Creek na kuua watu zaidi ya 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Evans alilazimika kujiuzulu ugavana mwaka 1865. Chuo chake kiliendelea kumheshimu kwa miaka mingi. Mwaka 2014 kamati ya wasomi wa chuo hicho ilitoa taarifa kwamba Evans alikuwa na lawama katika mauaji yale. Mwaka 2023 mlima mkubwa unaoonekana kutoka Denver, uliokuwa ukiitwa kwa jina lake, ulibadilishwa jina ukawa Mount Blue Sky. Basi hata mlima wa kwenye picha una historia yake.

Kusini magharibi mwa jimbo, katika mji wa Durango, kipo Chuo cha Fort Lewis. Jina lenyewe linasema kilikotoka: kilikuwa ngome ya askari, kisha katika miaka ya 1890 kikawa shule ya bweni ya serikali, ambako watoto wa wenyeji wa asili walipelekwa wakatenganishwe na lugha na desturi za wazazi wao. Wapo watoto waliofia huko. Mwaka 1911 serikali kuu ililikabidhi jimbo mali ya shule hiyo kwa sharti kwamba wanafunzi wa wenyeji wa asili wasomeshwe bila ada. Sharti hilo linafuatwa mpaka leo, na wanafunzi wa makabila mengi ya Marekani husoma pale kwa sababu yake. Mwaka 2021 chuo kiliondoa hadharani mabango yaliyokuwa yakiisimulia shule ile ya bweni kana kwamba ilikuwa mahali pa furaha. Nimelitaja jambo hili kwa sababu chuo kinachothubutu kusema kweli juu ya asili yake kinampa mwanafunzi funzo ambalo halimo katika orodha ya masomo.

MJI MDOGO WENYE HEWA NYEPESI

Mfano mwingine ni Alamosa, mji mdogo ulio katika bonde la San Luis, mita 2,300 juu ya bahari. Mwanasiasa wa huko, Billy Adams, aliliomba baraza la jimbo kwa miaka mingi lijenge chuo cha walimu katika bonde hilo, maana watoto wa wakulima wa pale hawakuwa na chuo cha karibu. Mwaka 1921 sheria ilipitishwa, na mwaka 1925 chuo cha Adams State kikafunguliwa. Hiyo ndiyo haja iliyokizaa: walimu kwa watoto wa mashambani.

Baadaye hewa nyepesi ya mahali pale ilizaa jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio juu sana, na Wamarekani wakafanya mashindano yao ya kuchagua wakimbiaji wa marathoni huko Alamosa ili wazoee hewa kama ile. Wasomaji wanaikumbuka Mexico City kwa habari ya mwenzetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia, akamaliza mbio ile wa mwisho usiku umekwisha ingia. Katika chuo cha Alamosa mwalimu Joe Vigil aliendelea kufundisha riadha hadi miaka ya 1990, na mwaka 1992 timu yake ya mbio za nyika ilishika nafasi 5 za kwanza katika mashindano ya vyuo vya daraja lake. Kwa mkimbiaji, mlima wa Alamosa una kazi. Kwa anayetaka kusoma uhandisi wa bandari hauna kazi yoyote.

ZAMANI NANI ALICHAGUA?

Vijana wa leo huchagua chuo kwa kutazama simu. Zamani haikuwa hivyo. Septemba 1959 ndege iliyopangwa na Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani ilichukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi, na safari nyingine zikafuata katika miaka ya mwanzo ya 1960, zikiwachukua na vijana wa Tanganyika na nchi nyingine jirani. Vijana hao walikwenda kule walikopewa nafasi na msaada. Wangari Maathai, aliyeondoka mwaka 1960, alisoma katika chuo kidogo cha watawa wa Kikatoliki huko Atchison, jimbo la Kansas, mahali pasipo na mlima hata mmoja. Alijifunza biolojia kwa bidii, akaendelea Pittsburgh, akarudi nyumbani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi ya kupanda miti na kutetea haki. Tambarare ya Kansas haikumzuia kuipigania misitu ya Mlima Kenya.

Huko Fort Collins nako kuna uzi unaotufikia. Mwaka 1961 timu ya chuo kile iliyoongozwa na Maurice Albertson, mhandisi wa maji, ilitoa uchunguzi uliosaidia kuundwa kwa Peace Corps. Tanganyika ndiyo nchi ya kwanza ambayo Rais Kennedy aliitangaza kupata vijana hao, Aprili 1961: wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara. Wakati ule tulikuwa tukipelekewa wataalamu. Wajibu wetu leo ni kuwatoa wetu wenyewe, na kwa sababu hiyo uchaguzi wa chuo haumhusu mwanafunzi peke yake.

FEDHA

Hapa ndipo nawaomba ndugu zangu wazazi wasome polepole. Katika vyuo vya umma vya Marekani kuna ada mbili: ya mkazi wa jimbo, ambayo ni ndogo, na ya mtu wa nje, ambayo ni kubwa mara kadhaa. Mwanafunzi wa kutoka kwetu huhesabiwa kuwa mtu wa nje. Zaidi ya hayo, kabla ya kupewa hati ya kuombea viza hudaiwa aonyeshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo, na akisha fika haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Anayewaambia wazazi wake kwamba atajilipia ada kwa vibarua anajidanganya na anawadanganya.

Mwaka 1992 wapiga kura wa Colorado waliingiza katika katiba yao kifungu kinachobana mapato na matumizi ya serikali ya jimbo. Fedha za umma kwa vyuo zikawa ngumu kupatikana, na kwa sheria ya mwaka 2004 jimbo likaanza kutoa sehemu ya msaada wake kwa kumfuata mwanafunzi mkazi badala ya kukipa chuo moja kwa moja. Chuo kilicho katika hali hiyo lazima kitafute wanafunzi wa kulipa ada kamili kutoka mbali. Hapo picha ya mlima hupata kazi. Simlaumu anayeipiga, ila mtazamaji ajue kwamba amekwisha kuwa mnunuzi.

Colorado si jimbo pekee la milima lenye vyuo vya kupendeza. Vermont, kaskazini mashariki, lina milima ya kijani na vyuo vidogo vya zamani. Green Mountain College, kilichoanzishwa mwaka 1834, kilifungwa mwaka 2019. Marlboro College, cha mwaka 1946, kilifungwa mwaka 2020. Goddard College kilifungwa mwaka 2024. Wanafunzi walipungua, fedha zikakauka. Milima bado ipo na ingali mizuri. Mwanafunzi wa kigeni ambaye chuo chake kinafungwa katikati ya masomo hulazimika kutafuta kingine upesi, la sivyo hupoteza haki ya kukaa nchini. Basi pamoja na kuuliza chuo kilijengwa kwa nini, tuulize pia kinaishi kwa nini.

KIHAMBA CHA MWENZETU

Miaka 2 iliyopita mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja hapa shuleni, alinijia nyumbani na mwanawe. Sitamtaja jina. Kijana alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha milimani huko Marekani, nacho sitakitaja. Barua ilikuwa nzuri, karatasi nzito yenye picha ya vilele vya theluji. Hakukuwa na msaada wa fedha. Mwenzangu alikuwa tayari kuuza sehemu ya kihamba alichoachiwa na baba yake, na mnunuzi alikwisha kupatikana.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu, nieleze kwamba kihamba ni zaidi ya shamba. Ndipo ilipo migomba na kahawa, ndipo walipozikwa wazee. Kukiuza ni kama kuuza jina.

Nilimwuliza kijana, "Unataka kusoma nini, mwanangu?"

"Mambo ya umwagiliaji, baba mkubwa."

"Na chuo hiki kinafundisha umwagiliaji?"

Tulipekua orodha ya masomo yao pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Yalikuwapo masomo ya biashara, ya utalii, ya michezo ya kuteleza juu ya theluji. Umwagiliaji haukuwapo. Kilichokaribia ni somo la mazingira kwa jumla. Baba yake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi nilikuwa naenda kuuza migomba ya baba ninunue picha."

Leo kijana yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ambako uhandisi wa umwagiliaji hufundishwa. Kihamba kipo. Akimaliza vizuri, anaweza kuomba shahada ya pili ng'ambo. Katika ngazi hiyo maprofesa wenye fedha za utafiti huajiri wanafunzi kuwa wasaidizi wao na kuwalipia ada, na ndivyo mimi mwenyewe nilivyosomeshwa. Na ikiwa atatamani kutazama milima akiwa anasoma, Uluguru iko mbele ya dirisha lake.

MASWALI YA KUULIZA

Ndugu wanafunzi, sikuandika haya ili niwakatishe tamaa. Aliye na sababu ya kwenda na aende, kwani elimu haina mpaka. Anayependa madini atapata kingi Golden, na anayependa maji atapata kingi Fort Collins. Nawapa tu maswali manne ya kuandika kwenye daftari kabla ya kujaza fomu.

Kwanza, chuo hiki kilianzishwa mwaka gani, na nani, kwa haja gani? Mara nyingi idara yenye mizizi ya kina ni ile iliyozaliwa pamoja na chuo. Pili, somo ninalolitaka lina walimu wangapi, nao wameandika nini? Tatu, nani atalipa, kwa miaka yote, si kwa mwaka wa kwanza tu? Nne, nitakaporudi, shahada hii itatambuliwa? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ndiyo inayotathmini vyeti vya nje, na ni vema kuwauliza kabla ya safari kuliko kuwasumbua baada yake.

Asiyeweza kujibu maswali hayo asione haya kuja kutuuliza sisi tuliotangulia. Ndiyo kazi ya chama chetu. Watu wa Boulder walichanga dola zao ili watoto wao wasome, nasi tunaweza kuchanga angalau tulichojifunza. Katika mkutano wetu ujao nitakuwapo siku zote mbili, na meza yangu itakuwa wazi kwa kijana yeyote mwenye barua ya chuo mkononi. Aje nayo, tena aje na mzazi wake. Tutaisoma pamoja, tukianzia ukurasa usio na picha.